Mikanda Niliyoishona Mimi

Sijawahi kuona watu wazima wakibembeleza chuma kama mume wangu na rafiki yake walivyozibembeleza zile pikipiki zao. Wala si pikipiki za kazi. Mtu anayesambaza chakula kwa pikipiki hapa Johannesburg namheshimu, kwa sababu jioni anarudi nyumbani na unga. Zao ni za matope. Hazina hata pa kuwekea mkate, na kila Jumapili zinapelekwa kurukishwa kwenye vilima vya vumbi la migodi, kisha zinaoshwa kwa sabuni ambayo mimi sijawahi kuoshea hata kichwa changu.

Mume wangu anauza mapazia mtaa wa Mayfair. Rafiki yake ni kinyozi, Mkongo wa Lubumbashi, na ndiye mwenye tela. Tela lenyewe ni nusu nyumba, nusu banda. Mbele kuna jiko dogo na kitanda, nyuma ni nafasi ya pikipiki, na mlango wa nyuma unalazwa chini ukawa daraja la kuzipandishia. Kinyozi mwenyewe amepanga chumba kimoja Joubert Park, jiko wanachangia wapangaji wote, lakini pikipiki yake ina jiko lake.

Mimi ni fundi cherehani. Ninayo moja tu, ya chuma, ya zamani, inayopita kwenye jinzi iliyokunjwa na kukunjwa tena bila kulalamika. Hiyo ndiyo imeshona sare za madrasa za mtaa wetu, na hiyo ndiyo iliyoshona mikanda yao ya kufungia pikipiki. Maana mikanda ya dukani, walisema, ndoano zake zinachubua rangi ya usukani. Wakaniletea utepe mnene wa kufungia mizigo, nikawashonea vitanzi laini vya kuzungusha kwenye usukani, ili ndoano ishike kitanzi badala ya pikipiki. Nilivunja sindano kwa kazi ile. Shukrani niliyopata ni kuambiwa kwamba uzi haukuendana na rangi ya pikipiki.

Basi binti wa wifi yangu akawa anaolewa Durban. Gauni la bibi harusi nilikuwa nimeshalikata na kulishikiza, limebaki kupimwa mwilini na kushonwa. Kwa hiyo cherehani ilikuwa lazima iende. Wanaume wakasikia Durban, wakakumbuka milima, wakasema pikipiki nazo lazima ziende. Harusi waliitaja baadaye.

Asubuhi ya safari walifunga pikipiki mpaka chai niliyowapelekea ikapoa na kufanya utando. Gurudumu la mbele likasukumwa kwenye kabari yake. Mikanda ikavutwa toka kwenye usukani kwenda kwenye pete za sakafuni, huku na huku, na mingine nyuma. Kisha wakaanza kubishana shokapu zibonyee kiasi gani. Mume wangu akasema zikikazwa sana sili za mafuta zitapasuka. Kinyozi akasema zikilegea, ndoano zitachomoka tukipita kwenye matuta ya rasta. Wakalegeza, wakakaza, wakalegeza tena. Wakafunga koki za petroli, wakainama kunusa. Wakazitikisa. Wakarudi nyuma wakazitazama kwa mahaba ambayo, wallahi, mimi sijayaona tangu siku ya kuolewa.

Cherehani yangu waliiweka juu ya meza ya jiko, wakaifunika blanketi kama mgonjwa.

"Baba, na hii je?" nikamuuliza mume wangu. "Mikanda bado ipo hapo."

"Hiyo ya akiba."

"Shemeji, hapana sumbuka," kinyozi akasema. "Ile ni chuma. Iko nzito ya kutosha. Itaenda fasi gani?"

Pikipiki nazo ni chuma, na ni nzito kuliko cherehani. Nilitaka kupanda niifunge mwenyewe. Mume wangu akasema nisikanyage humo, nitavuruga mikanda. Akafunga mlango, akaupigapiga, akasema, "Sharp, twende."

Tukapanda gari linalovuta tela, mume wangu kwenye usukani, lakini hatukufika hata barabara kuu. Kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, teksi ikatuchomekea mbele, mume wangu akakanyaga breki, na huko nyuma nikasikia kishindo cha kitu kimoja kizito kikitua sakafuni. Nilijua ni nini. Nilikijua kishindo kile kama ninavyojua sauti ya mwanangu.

"Eish, pikipiki!" mume wangu akapiga kelele. Wakaruka wote wawili, wakaacha milango wazi, madereva wa nyuma yetu wakipiga honi. Wakarudi wakicheka.

"Alhamdulillah," mume wangu akasema. "Hata mkwaruzo hakuna."

"Na cherehani?"

"Ipo."

Ipo. Nilimdharau mume wangu pale, na sitajisumbua kutafuta neno laini zaidi.

Waliposimama kituo cha mafuta nikapanda kwenye tela mwenyewe. Pikipiki zilikuwa wima, zimetulia, kila kitanzi changu kimeshika pale pale nilipokusudia kishike. Cherehani ilikuwa chini, ubavu, blanketi limebaki mezani. Mkono wake wa chuma ulikuwa umekatika kabisa, na gurudumu lake la kuzungushia lilikuwa limeviringika hadi kwenye boksi la barafu la nyama yao ya kuchoma. Boksi lile halikusogea hata kidogo. Lilikuwa limefungwa kwa mikanda ya akiba, kushoto na kulia, limekazwa vizuri sana.

Sikulia. Nilikaa kwenye kile kitanda, kipande cha chuma mapajani, nikiwaza gauni lile na mwali anayelisubiri, na sare ambazo nisingezishona tena.

Kinyozi akachungulia mlangoni, mkanda mkononi. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma kuikagua pikipiki yake upya, maana breki ile ilikuwa imemtia wasiwasi.

"Shemeji," akasema, "hii uzi inaanza kuachia kidogo. Tukifika, utanipitishia kwa mashine?"

Nikampa kile kipande cha mkono wa cherehani akishike. Akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakigeuzageuza, akaniuliza kama ni cha pikipiki.