Mwaliko wa Wenye Vibanda

Fundi viatu wa lango la chuo hakuwahi kupewa cha bure na uongozi, hata maji. Kwa hiyo wanafunzi walipotualika wenye vibanda wote ukumbini Siku ya Katiba, tena kwa soda, alishtuka.

"Shemeji, twende tukajue haki zetu," nilimwambia.

"Juzi uongozi ulitaka kutuvunjia vibanda, leo sisi wageni wa heshima? Nenda, uninywee na yangu."

Nikiwa ukumbini akanipigia simu. "Lori la chuo limekuja na watu wenye nyundo. Dereva ananiuliza kwani mimi sikualikwa!"

Nikasimama, nikawatangazia. Tulitoka mbio, wanafunzi mbele, tukalizingira lori mpaka likaondoka. Wanafunzi waliapa hawakujua kitu. Fundi amewasikia, ila siku hizi hawashonei kiatu kabla hawajalipa.