Kapteni Anataka Nimsindikize Kuomba Msamaha wa Kosa Langu

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, naishi Isiolo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha ukurasa huu, na nimeona mnavyosema watu bila huruma. Sawa, leo nisemeni na mimi. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikiongea na marubani kwenye kiwanja kidogo cha ndege huku kwetu. Msifikirie mnara wa vioo. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye redio, na chumba cha nyuma chenye kipimo cha mgandamizo wa hewa. Rubani akikaribia, namwambia upepo unatoka wapi na kipimo kinasoma ngapi. Namba hiyo anaiweka kwenye saa yake ya kimo, ndipo saa imwonyeshe yuko juu kiasi gani. Ukimpa namba kubwa kuliko ilivyo, saa inamwambia yuko juu, kumbe yuko chini. Na huku mgandamizo hushuka kila alasiri, kwa hiyo namba ya asubuhi haifai jioni. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Kosa langu lilianza na maziwa. Kiangazi kilikuwa kikali na kiwanja kilikuwa na nyasi. Wafugaji wakaniomba walishe ngamia pale, ila siku ya ndege wawatoe kabla ya adhuhuri. Nikakubali, na kila asubuhi nikawa nakuta kibuyu cha maziwa mlangoni. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nilikuwa nakunywa tu.

Siku hiyo mawingu yalishuka, mvua ya kwanza ikinukia, na ndege ya abiria ilikuwa njiani. Ngamia bado walikuwa katikati ya kiwanja. Nilitoka na fimbo, nikapiga kelele, ngamia wenyewe wanavuta miguu. Mara nikasikia redio inaita. Nilirudi mbio nikihema. Kapteni Mutuma, aliyekuwa rubani peke yake kwenye ile ndege ndogo, alikuwa anauliza kipimo kwa mara ya pili. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Sikwenda. Dirishani nilikuwa naona ngamia wawili wamebaki, nikampa namba ya asubuhi iliyokuwa kichwani, nikatoka tena na fimbo yangu.

Alitoka mawinguni akiwa chini mno. Magurudumu yaligonga migunga kabla hajafika kiwanjani, ndege ikaanguka kwa tumbo na kuburuzika. Wote walitoka hai, namshukuru Mungu, lakini Habiba, msichana aliyekuwa akitoka Nairobi kununua nguo za duka la baba yake, alikatwa mguu.

Wakubwa wakaja kuchunguza. Waliniuliza nilimpa rubani namba gani. Baada ya ajali nilikuwa nimeshakwenda kusoma kile kipimo, nikawatajia hiyo niliyosoma. Hakukuwa na mashine ya kunasa sauti. Saa ya Kapteni ilikutwa na namba nyingine, basi kosa likawa lake, na kazi ya kurusha ndege ikaisha.

Kapteni hakubishana nami, na hilo ndilo linaloniua. Alikuja akiwa na bandeji kichwani, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akasema kama mimi nina hakika, basi ni yeye aliyeweka vibaya.

Tangu hapo analima vitunguu Burat. Ndege ikipita hainui macho. Kila akivuna ananiletea vitunguu, eti mimi nilisema ukweli bila kumtukana. Nimevipika nikavila, jamani.

Habiba naye ana duka lake Chechelesi. Akiniona ananivutia kiti na kunimiminia chai. Kapteni akimsalimia, haitikii. Niliwahi kumshauri amsamehe yaishe, akaniambia, "Wewe roho yako ni safi. Mimi huyo mtu alikula mguu yangu." Nikamaliza chai nikaenda nyumbani.

Sasa Kapteni ni mgonjwa wa moyo. Wiki jana alikuja akiwa ameshika mfuko wa buna, ile kahawa ya wenyeji, na sukari, vile watu wa kina Habiba hubeba wakienda kuomba msamaha. Akakaa, akapumzika kwanza, ndipo akasema.

"Mama, mimi sitaki kufa na hii maneno. Ijumaa, watu wakitoka msikiti, unipeleke kwa Habiba. Wewe ndiye ulikuwa hapo. Ukimwambia vile niliharibu, atajua siji na uongo."

Nilishindwa hata kumkaribisha chai. Nilisema sawa. Nasikia aibu kuandika hilo neno, lakini ndilo nililosema.

Nikimwambia ukweli peke yake, naogopa moyo wake hautastahimili. Nikisema mbele ya Habiba, nitapoteza rafiki wa uzeeni na heshima ya watoto wangu. Nikinyamaza, mzee wa watu atainama mbele ya yule mama, aombe msamaha wa kosa langu, na mimi nikiwa shahidi wake.

Buna na sukari ameniachia nimtunzie, viko juu ya kabati langu. Mwenye kunitukana anitukane, nimestahili. Lakini pia aniambie nianzie kwa nani, na aniambie kabla ya Ijumaa.