Mke Mwenzangu wa Igamba

Harufu ya maganda ya kahawa mbichi yanayochacha nyuma ya nyumba ndiyo inayonirudisha Igamba. Kali, ina utamu wa kuoza, inang'ang'ania nguo hata ufue vipi. Msimu ule, enzi sabuni ilipoanza kuonekana tena madukani, nilikuwa darasa la tatu, na bibi mzaa baba alikuwa ameanza kupotea akiwa palepale nyumbani. Wanaosema utu uzima dawa hawakumwona bibi yangu akichota maji kwa ungo. Bibi alimwita mama yangu, mkwewe, "mama," naye mama aliitika, "Abee, mwanangu," huku akimwosha miguu. Jina langu lilimtoka kabisa. Utani wetu haukumtoka. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, mume wao ni babu, basi kila asubuhi alinitazama juu mpaka chini akasema mume wetu alioa mzigo, hata kufagia haujui. Babu alikuwa amekufa zamani. Jirani alipomkumbusha hilo, bibi alilia msiba upya mpaka jua likazama, na mama akapiga marufuku: babu asiuawe tena nyumbani kwake.

Kisha bibi akaanza kutoroka. Mama akiinamia kichanja kuchambua kahawa, akiinua kichwa, bibi hayupo. Mama alikonda, macho yakaingia ndani. Usingizi aliusikia kwa watu. Baba mdogo, mfanyabiashara wa nguo Tunduma, akaja na kufuli jipya. Hakuwa mbaya, alimwogopea mama yake. Alisema mchana bibi atafungiwa chumbani. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la mdogo wake, na mama, mtoto wa watu, akainama tu.

Kabla kufuli halijafungwa, bibi akaponyoka. Tulimkuta amekaa katikati ya barabara ya vumbi, amekumbatia ungo wake, na lori la kahawa limesimama mbele yake likipiga honi. Baba mdogo alibembeleza, akavuta mkono, akang'atwa. Watu wakajaa. Nikasimama mbele ya bibi, mikono kiunoni.

"Kaa hapohapo," nikamwambia. "Mume wetu karudi ana njaa. Nampikia mimi, na kitenge chako navaa mimi."

Bibi akainuka kama msichana. "Ugali wako wa mabonge? Utamuua."

Alinitukana njia nzima mpaka nyumbani. Baba mdogo alifuata nyuma, akijisugua mkono, na lile kufuli akalifunga kwenye stoo ya kahawa. Kesho yake alimleta mkewe akae nasi, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mama akalala mchana, mdomo wazi, nzi wakimtembelea, tukamwacha. Bibi tukamkalisha penye kichanja. Kahawa mbovu na nzima, mikono yake ilikuwa bado inazijua.

Siku hizi nasikia wapo wataalamu wanaofundisha wanaouguza wazee kama yule: msibishane naye, mpeni kazi anayoiweza, nanyi mpumzike. Mama angewachinjia kuku. Juzi mimi mwenyewe nimetia chumvi kwenye chai. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma sekondari hapa Tunduma ninapoishi sasa, mtoto ana mdomo kama pilipili, akaonja, akasema mume wetu alioa adui. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikamwambia, siku nisipokujua, usihangaike kunitajia jina lako. Nitukane tu. Nitakuja.