Mwalimu wa Mke Wangu

Mimi ni mtu wa wivu, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo. Mke wangu analijua, mama yake analijua, na majirani zetu hapa Mapinga wanalijua tangu nilipomnunia fundi bomba kwa kuwa mke wangu alimsifia kazi yake mbele yangu. Lakini wivu ulioniingia mwaka juzi haukuletwa na fundi. Uliletwa na Flask.

Flask ni kiunzi chepesi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Unaandika mistari michache kwenye faili moja: mtu akifungua anwani hii, mpe ukurasa huu. Basi, imekubali. Mimi ninayeishi kwa kuandika, hapa hapa nyumbani, programu kubwa za maofisi ya Dar, zenye mafaili yaliyopandiana, nilikuwa nakiita kitu cha kuchezea. Nilimwambia mke wangu hivyo hivyo alipokuja kuniomba nimfundishe.

Alikuwa na shida yake. Kikundi chao cha wanawake kina vyombo vya shughuli, masufuria makubwa na sahani na mikeka, vyote vimewekwa kwa mama mkwe mjini Bagamoyo. Mwenye harusi anaazima, mwenye hitima anaazima, na haipiti muda watu hawajagombea sufuria la pilau. Alitaka ukurasa mdogo tu wa kuonyesha chombo gani kiko kwa nani. Nikamkalisha. Nikaanza na misingi ya hifadhidata, nikachora mishale kwenye ubao wangu, adhana ya adhuhuri ikatukuta hatujaandika hata mstari mmoja. Akasema, "Nimechoka, mume wangu. Tutaendelea kesho." Hiyo kesho haikuja.

Kilichokuja ni kicheko. Siku moja asubuhi nilimsikia chumbani anacheka, kile kicheko chake cha kupiga paja ambacho mimi nilikuwa sijakipata siku nyingi. Nikasogea mlangoni. Ana vispika masikioni, kompyuta mapajani, anaongea na mtu.

"Tumesahau return!" akasema. "Ndiyo maana ukurasa hautoki!"

Tumesahau. Yeye na nani?

Nilipomuuliza hakuficha. "Na mtoto wa ami," akajibu, hata macho hakuyainua. "Tunafanya Flask."

Kwao ni familia ya Kiarabu, watu wa Oman waliohamia Bagamoyo na maduka yao tangu zama za mababu, na kwao mtoto wa ami, yaani wa ndugu wa baba, si ndugu wa kupita. Huyu, mwenye duka la vigae, ndiye aliyekuwa akitajwatajwa kumuoa kabla mimi sijatia mguu pale. Siku ya harusi yetu bibi zake walinitania, "We bwana, umemnyang'anya mtu mkewe!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Wao wakasahau.

Nikaanza kuitafutia dosari ile programu ya vyombo. Niliifungua kwenye simu yangu nikaazima masufuria hasi matatu, yaani matatu chini ya sifuri, na ikaniandikia kwa adabu kwamba ombi limepokelewa. Nikatangaza jikoni, "Programu yenu inaazimisha vyombo visivyokuwepo."

"Ahsante kwa kutuonyesha," akasema mke wangu, akaendelea kukuna nazi. Kufika alasiri kosa limeondoka. Nikajua tu, kampigia yule.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa nzuri. Nilimwambia itahitaji mfumo wa ruhusa, nani anamzidi nani. Yeye akaandika kanuni moja ambayo kila mtu wa pwani anaijua bila kuambiwa: ukitokea msiba, masufuria yanakwenda msibani kwanza, harusi itajipanga. Kina mama waliipenda. Mama mkwe akanipigia kunipongeza mimi, kana kwamba ni kazi yangu.

Jumapili moja yule mtoto wa ami akaja kula kwetu, kompyuta kwapani. Tukasalimiana, tukaulizana hali za nyumbani, tukala wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nilijizuia mpaka tuliponawa mikono.

"Shemeji, nikushukuru," nikasema, na sauti yangu naijua ilivyokuwa. "Umemfundisha mke wangu kwa subira kweli."

Akaniangalia. "Nani, mimi? Shemeji, mimi nilitaka wateja waone vigae vilivyopo dukani, basi. Mwalimu ni huyu. Naharibu kitu kilekile kila siku, ananicheka, tunaanza upya."

Nikamgeukia mke wangu. "Na wewe ulifundishwa na nani?"

"Nifundishwe na nani tena? Nilisoma mwenyewe. Nikikwama narudia." Alikuwa anapangusa mkeka. "Si nilikuwa nakaa hapo nyuma ya kiti chako kila asubuhi na kompyuta yangu, wewe ukifanya kazi zako. Hukugeuka."

Hakulisema kwa ubaya. Angelisema kwa ubaya ningepata pa kushika, tungegombana, yangekwisha. Wiki zote zile nilikuwa na mtu wa kumchukia, na kumchukia kulinikaa vizuri. Sasa alikuwa ameondolewa, na mahali alipokuwa hapakuwa na mtu ila mgongo wangu.

Yule bwana akafungua kompyuta yake pale mkekani, akaandika, akapiga kitufe, ukurasa ukagoma. Mke wangu akasogea karibu. "Haya, tusome kosa linasemaje," akamwambia, "taratibu, hatukimbizwi." Nilikaa kwenye kiti na chai yangu, nikamwonea wivu yule bwana kuliko siku zote zilizopita: alikuwa amekosea, na alikuwa anafundishwa.