Mama Sadock na Mabinti wa Mpira wa Wavu

Raheli Mbwambo alipoajiriwa kuwa mpishi msaidizi katika Chuo cha Ualimu Kwasanga, nje kidogo ya mji wa Same, hakuwa amegusa mpira wa aina yoyote tangu amalize darasa la saba. Ilikuwa mwaka 2001. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mjane wa mwaka mmoja. Mumewe, Fanueli, alikuwa mkulima kule Bendera, bondeni. Homa ilimchukua kwa siku nne tu. Mtoto wao mmoja, Sadock, akapelekwa Myamba, juu mlimani, akalelewe na bibi yake, na Raheli akaja mjini kutafuta riziki. Pale chuoni jina la Raheli halikutumika hata siku moja. Kuanzia walinzi mpaka mkuu wa chuo, wote walimwita Mama Sadock.

Mwaka huohuo alihamia pale mkufunzi wa elimu kwa michezo, Mwalimu Loth, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama anayeomba radhi. Alikuta wasichana wanacheza netiboli kwa kubahatisha, akasema yeye ataanzisha timu ya wanawake ya mpira wa wavu. Mpira alikuwa nao mmoja. Wavu hakuwa nao. Jioni moja akaja mpaka mlango wa jiko.

"Mama Sadock, nasikia umekaa Bendera. Kamba za katani unazijua?"

"Nimezisokota miaka minane, mwalimu. Baba mkwe wangu alinifundisha katani kabla hajanionyesha njia ya kisimani."

"Na wavu je, unaweza kufuma?"

"Sijawahi. Lakini fundo ni fundo. Nichoree nione."

Loth akaokota kipande cha mkaa, akachora juu ya gunia tupu la unga. Raheli akatazama, akauliza vipimo, akacheka kidogo. Kwa wiki tatu, kila alipomaliza kuosha masufuria, alikaa kwenye kizingiti akifuma. Wavu ulipokamilika ulikuwa mzito, mgumu, na ulichubua vidole vya kila aliyeugusa. Lakini ulisimama. Siku ya kuutundika, Loth alimwita aje uwanjani, akisema fundi hawezi kukosa kuiona kazi yake. Raheli akaenda, akasimama kando na mwiko mkononi, akatazama wasichana tisa wakihangaika na mpira mmoja. Hakuelewa kitu. Kesho yake akarudi kutazama tena, na keshokutwa yake pia.

Mlango wa jiko ulielekea uwanjani. Akikoroga maharage, macho yake yalikuwa nje. Alianza kwa kuhesabu: kila upande unagusa mpira mara tatu tu, haizidi. Kisha akaona kwamba yule wa katikati, anayewainulia wenzake mpira ili wapige, ndiye moyo wa timu, ingawa wanaoshangiliwa ni wengine. Na akaona jambo ambalo hata Loth alikuwa hajaliona. Same ni mji wa upepo. Mchana upepo unatoka nyikani na kukimbilia mlimani, unabeba vumbi na kila kitu. Mpira unaopigwa juu unachukuliwa. Wasichana walilalamika kila siku, kana kwamba upepo ni bahati mbaya. Raheli, ambaye kazi yake ilikuwa kuishi na moshi, alijua upepo ule una tabia zake. Unavuma, unapumzika, unavuma tena. Moshi wa jiko ukinyooka juu, mtu ana nafasi ya kutosha kuvuta pumzi mbili tatu.

Hakumwambia mtu. Yeye alikuwa mpishi.

Mechi ya kwanza ya timu ilichezwa Kifaru, Wilaya ya Mwanga, dhidi ya wasichana wa sekondari. Walipanda lori la mizigo, wakafungwa seti tatu kwa bila, wakarudi kama wametoka msibani. Raheli alikuwa amewawekea makande ya moto. Aliwapakulia mmoja mmoja, akimwita kila msichana kwa jina lake. Baadaye Loth alisema kwamba usiku ule timu ingevunjika kama si yale makande. Hawakuvunjika. Mwaka wa tatu walirudi Kifaru wakashinda.

Shida ya chuo cha ualimu ni kwamba masomo ni miaka miwili. Mchezaji akianza kuiva, anahitimu, anapangiwa shule Kigoma au Lindi, na kocha anaanza upya na wasichana wasiojua hata kuanzisha mpira. Waliobaki mwaka hadi mwaka walikuwa watu wawili: Loth uwanjani na Raheli mlangoni.

Halafu mwaka 2007, wiki tatu kabla ya mashindano ya kanda ya vyuo vya ualimu, Loth akahamishiwa Tabora. Mkuu wa chuo, Mama Hedwiga, mwanamke mkali asiyependa maneno mengi, akatangaza kwamba timu ya mpira wa wavu haitakwenda. Haina mwalimu.

Nahodha wa mwaka ule aliitwa Nenkai, binti wa wafugaji wa nyikani, mrefu, mpole wa maneno lakini mgumu kugeuzwa nia. Alikwenda ofisini peke yake.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Sema."

"Tunaomba usitutoe kwenye mashindano. Kocha tunaye."

"Nani?"

"Mama Sadock."

Hedwiga akavua miwani. "Mama Sadock wa jikoni?"

"Ndiyo, Mkuu. Sisi tukikosea, tukienda kuchukua chakula yeye ndiye anayetuambia tulikosea wapi. Kwa sauti ndogo, lakini anatuambia. Mwalimu Loth mwenyewe alikuwa akimuuliza."

Raheli aliitwa. Alifika na unga mikononi, akidhani kazi imeota mbawa.

"Wanasema unaujua mpira wa wavu."

"Nimeutazama miaka sita, Mkuu. Kuutazama si kuujua."

Juu ya meza kulikuwa na kijitabu cha sheria alichokiacha Loth. Hedwiga akakifungua katikati. "Mchezaji wa mstari wa nyuma anaruhusiwa kuruka kuzuia mpira kwenye wavu?"

"Haruhusiwi."

Hedwiga akafunua kurasa. "Mpira ukigusa wavu wakati wa kuanzisha, ukaingia upande wa pili?"

"Zamani lilikuwa kosa. Siku hizi mchezo unaendelea."

Aliulizwa maswali saba. Akayajibu yote, macho yake yakiwa sakafuni. Hedwiga akafunga kijitabu, akamsukumia. "Kesho saa kumi jioni uwe uwanjani. Jikoni atakaa mwingine."

Raheli alipotoka alikuta Nenkai anamngoja chini ya baraza. Alitaka kumkemea, ikamshinda. Alimshika tu mkono, wakatembea mpaka jikoni.

Kwa wiki zile tatu aliwafundisha kitu kimoja zaidi ya yote: upepo. Aliwasimamisha mstari, akawaonyesha bomba la moshi. "Usianzishe mpira kwa sababu filimbi imelia. Refa anakupa sekunde kadhaa. Ngoja moshi unyooke, ndipo upige." Waliona kama mchezo wa watoto. Siku ya nne hawakuona tena hivyo, kwa maana mipira ilianza kutua pale walipotaka.

Mashindano yalikuwa Moshi. Raheli alivaa gauni lake la kanisani. Alipotaka kukaa kwenye benchi la ufundi, mwamuzi wa meza alimzuia.

"Kadi yako ya ukocha, mama?"

"Sina."

"Chuoni unafanya kazi gani?"

"Mpishi."

Nyuma yake mtu akacheka. Mwamuzi hakucheka, alikuwa mtu wa taratibu tu, lakini mkono wake ulielekeza kwa watazamaji. Raheli akaenda kukaa chini kwenye nyasi, nyuma ya kamba. Seti ya kwanza walipoteza, wasichana wakigeuka kumtafuta kila baada ya pointi. Ndipo alipoinuka na kuanza kupiga kelele kwa Chasu, Kipare cha kwao, akiwaelekeza lini wangoje na lini wapige. Moshi si Upareni. Wapinzani hawakuelewa neno, na kwa masikio ya mwamuzi ilikuwa ni mama fulani wa mlimani anashangilia. Wasichana wanne walikuwa Wapare, wakaelewa kila kitu. Nenkai, ambaye Chasu hakukijua hata cha kuomba maji, alitafsiriwa na wenzake katikati ya mchezo. Walishinda mechi ile na iliyofuata. Nusu fainali wakafungwa na timu iliyowazidi kwa kila kitu, wakamaliza wa tatu.

Baada ya mechi ya mwisho hawakukimbilia mabegi yao. Walivuka uwanja wote, wakasimama mstari mbele ya kamba. "Shikamoo, kocha," wakasema pamoja. Raheli alifunika uso kwa kanga.

Hedwiga alimwandikia barua ya kwenda kozi ya ukocha Dodoma. Mwaka 2009 akaenda, akiwa na miaka arobaini na minne, katikati ya vijana wenye diploma. Uwanjani alifanya vizuri. Mtihani wa maandishi, uliojaa maneno ya Kiingereza, ulimwangusha. Alirudi Same na karatasi imekunjwa ndani ya kanga, akaiweka mezani kwa Hedwiga, akingoja kuambiwa arudi kwenye masufuria.

Hedwiga akaisoma. "Wanarudia lini?"

"Miezi sita."

"Basi miezi sita."

Nenkai, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko nyikani kwao, alisikia habari, akampigia simu Loth Tabora. Baada ya siku chache lilifika kwa basi boksi dogo. Ndani yake kulikuwa na madaftari manne ya Loth, na kila neno la Kiingereza limeandikiwa Kiswahili chake pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwenye subira. Raheli hakuwahi kujua Loth aliyaandika lini. Wino ulikuwa mpya. Tangu siku hiyo, akichambua maharage, wasichana walimzunguka na kumuuliza maswali. Wengine walipasi mitihani yao ya michezo kwa sababu ya maharage yale. Naye akapasi.

Miaka iliyofuata haikuwa laini. Mwaka 2016 uwanja ulichimbwa ili kujengwa madarasa mapya, na kwa miaka miwili timu haikuwa na mahali pa kukanyaga. Aliyewaokoa ni baba yake Nenkai, Mzee Sindato. Alikuja chuoni na fimbo yake, akaketi na Raheli kivulini pa jiko, akasema wafugaji wenzake wamekubaliana kuwaachia kona moja ya uwanja wa mnada wa ng'ombe kila Jumamosi asubuhi.

"Binti yangu alikuja hapa anaogopa kuongea mbele ya watu watatu," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Leo anaongoza shule. Mimi nitoe nini? Ninacho kiwanja, chukua kiwanja."

Basi wasichana walianza kila zoezi kwa kufagia samadi. Walikuwa wakinuka wakirudi bwaloni, na walicheka sana. Timu ya mwaka 2019, iliyolelewa na wale waliojifunza mnadani, ndiyo iliyochukua ubingwa wa kanda kwa mara ya kwanza. Siku hiyo Raheli alikuwa kwenye benchi, kadi kifuani, na hakuwa na haja ya kupiga kelele.

Mwaka jana alitimiza miaka sitini, akastaafu. Sadock, ambaye ni dereva wa gari la hospitali na ana watoto wawili, alikuja kumchukua, wakapanda pamoja mpaka Myamba. Kwa muda mrefu jambo moja lilimuuma Raheli: kwamba aliwalea mabinti wa watu huku mwanawe mwenyewe akilelewa na bibi. Njiani, kwenye kona za mlima, alilisema. Sadock hakugeuka, alikuwa anaendesha.

"Mama, kila likizo ulikuja na habari zao. Nilikuwa nawajua wote. Nilikuwa naona kama nina dada mia mbili."



Jumapili ya kwanza aliomba nafasi ya kutoa shukrani kanisani. Alileta mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu, vitu vya kunadiwa baada ya ibada. Mchungaji akampa dakika tano. Raheli akasimama mbele ya madhabahu, akashukuru kwa ajili ya Fanueli, kwa miaka minane waliyopewa. Akamshukuru Mwalimu Loth. Akamshukuru Mama Hedwiga, na Mzee Sindato ambaye si Mkristo lakini Mungu anamjua. Kisha akaanza kuwataja wasichana, kwa mwaka, kwa majina yote mawili, na shule alikokwenda kila mmoja kufundisha. Hakuwa na karatasi. Alipomfikia Nenkai alimtaja mara mbili, akaendelea. Wanakwaya walianza kutazamana. Mzee wa kanisa akaangalia saa, jogoo akawika, watoto wakacheka.

Mchungaji akainama kwenye kipaza sauti. "Mama Sadock, umebakiza wangapi?"

"Nimefika mwaka 2012, mchungaji."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji naye akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Akavuta kiti chake, akakaa vizuri, akakunja mikono.

"Endelea, mama," alisema. "Leo mahubiri yatakuwa mafupi."