Mgomba Mmoja, Majina Kibao

Pale maabara walimwita Mama Mistari. Kazi yake ilikuwa kusaga majani, kuyakamua vinasaba na kuvitambaza kwenye jeli mpaka vijipange mistari mistari chini ya taa ya zambarau. Kila aina ya mgomba ina mpangilio wake, kama mtu na alama za vidole. Profesa wake aliweza kuwaeleza wageni jambo hilo mpaka wapige miayo, mikono yake imo mfukoni; kusaga, hajawahi kusaga hata pilipili.

Safari hii majani yalitoka kwa kaka yake. Mnyauko, ugonjwa wa migomba, ulikuwa umeshafagia bonde la jirani, lakini kaka hakukosa usingizi. Shamba pekee lililobaki kwenye familia alilipanda aina tofauti tofauti: Bwana Mkubwa, Kidole cha Bi Harusi, Shavu la Padri, Msahau Mume.

"Ugonjwa ukiumaliza mmoja," alijigamba, "wenzake wanaucheka."

Mama Mistari akawasha taa. Kila safu, mistari ileile, kimo kilekile. Akadhani amerudia jani moja kwa uchovu. Akaanza upya, akapima kwa alama nyingine za vinasaba. Ileile.

Profesa akachungulia begani kwake. "Safi sana! Hakuna utofauti hata chembe. Hiyo ni makala!" Akaenda kunywa chai, anapiga mluzi.

Kumbe muuza miche aliyemuuzia kaka alikuwa na mgomba mmoja na mdomo mrefu. Kila soko alilofika aliubatiza upya.

Mama Mistari akampigia kaka simu.

"Migomba yako yote ni mmoja."

"Mmoja wapi? Msahau Mume una utamu wake, muulize shemeji yako!"

"Majina tu hayo, kaka. Mnyauko ukigonga mmoja umegonga yote. Umeona jani la njano?"

"Aah, Bwana Mkubwa kidogo. Uzee. Nimeshaung'oa."

"Kata yote. Choma. Leo hii!"

"Wewe dada umesoma mpaka ukapitiliza." Akacheka, halafu akakatiza kicheko.

"Nini? Sema."

"Watu wa kule mlimani, ugonjwa haujawafikia... walikuja asubuhi kuomba mbegu ya kujikinga. Nikawachimbulia machipukizi ya hizo aina nyingine. Si nilijua ni nzima?"

"Umempa nani, kaka?"

"Niulize nani sikumpa."