Gauni Lenye Jina la Selma

Jumapili moja ya mwaka 1951, mjini St. Louis, Selma Hruska alirudi kutoka misani, akajimiminia kahawa, akafungua gazeti, na hamu ya kahawa ikamwisha pale pale. Ukurasa mzima ulikuwa tangazo la duka la Brandt, alikokuwa akifanya kazi tangu usichana wake. Katikati lilichorwa gauni la kijani alilolibuni yeye, kiuno kimebanwa, sketi imemwagika, ukosi umesimama nyuma ya shingo. Chini yake palikuwa na picha ya Adele Pruett ameshika mkasi, na maneno makubwa: "Adele Pruett, mikono iliyoubuni msimu mpya."

Adele hakuwa mtu baki. Waliajiriwa Brandt pamoja, wakala pamoja, wakasengenya wakubwa pamoja, na Adele alipoolewa ni Selma aliyemshonea gauni la harusi. Baadaye Adele alipanda hadi akawa meneja wa nguo za kike. Selma alibaki kwenye karakana ya ghorofa ya sita, pini mdomoni. Lakini Adele alikuwa amemwahidi kwa kinywa chake kwamba siku duka litakapoanza kuuza nguo zenye jina la mbunifu wake, jina hilo litakuwa lake Selma.

Kesho yake Selma alimfuata ofisini. Adele hakukana lolote. Alimvutia kiti, akamwashia sigara, akazungumza naye kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Shoga, hebu fikiri mwenyewe," alisema. "Mke wa daktari anunue gauni, ageuze ukosi, akute Hruska? Si atadhani amenunua soseji?"

Baba yake Selma alikuwa na kibanda cha soseji katika soko la Soulard. Adele alikuwa amekula bure kwenye kibanda hicho miaka yote ya dhiki, na mzee hakuwahi kumhesabia.

Selma aliizima ile sigara kabla haijafika nusu. "Nimekuelewa, Adele," alisema, akarudi juu kushona.

Watu wa karakana walingoja alie au aache kazi. Hakufanya hata kimoja. Alibuni nguo zilizobaki za msimu huo mpya kwa bidii zaidi kuliko alivyowahi kufanya, na kila gauni alilolimaliza lilikuwa zuri kuliko lililotangulia, kwa sababu alitaka Adele azipende, ajivune nazo mbele za watu, apande juu kabisa kabla ya kuanguka. Akienda kulala aliliwaza neno soseji. Akiamka lilikuwa bado lipo.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la bei nafuu, lote liko chini ya ardhi, mali ya Gus Tolliver, bwana mwenye sauti nene ambaye Brandt hawakuwahi hata kumwitikia salamu. Selma alimwendea mwenyewe, akamtandazia mezani vipande vyake vya karatasi vya kukatia nguo. Tolliver alivitazama kwa muda, kisha akamuuliza anataka nini.

"Jina langu kwenye lebo, herufi kubwa," Selma alijibu. "Na lisionekane hata gauni moja dirishani mpaka siku nitakayokwambia."

"Mama, wewe umeudhiwa na nani?" Tolliver aliuliza.

"Wewe shona tu, bwana."

Siku aliyoichagua ilikuwa ya maonyesho makuu ya Brandt. Mgahawa wa ghorofa ya saba ulijaa wake za matajiri, kofia kwa kofia, wakila saladi ya kuku kwa ncha za uma. Mwandishi wa gazeti alikuwepo na mpiga picha wake. Adele alisimama kwenye kipaza sauti, akawasimulia jinsi gauni la kijani lilivyomjia usingizini. Selma alikuwa nyuma ya pazia, akimfunga vifungo mwanamitindo atakayelionyesha.

Kwenye meza ya mbele kabisa, waliyokuwa wameilipia mapema, walikaa wanawake sita wa parokia ya Selma, wakiongozwa na dada yake Ludmila, wanawake wanene wenye mikono ya kufua na kukanda unga. Walikuwa wamekaa na makoti yao muda wote, na wahudumu walidhani wanaona baridi. Mwanamitindo alipojitokeza na watu kuanza kupiga makofi, Ludmila alisimama, akavua koti. Wenzake nao wakavua.

Wote sita walikuwa wamevaa gauni lile lile la kijani.

Makofi yalikatika. Mwanamitindo alisimama katikati ya ukumbi asijue aende mbele au arudi. Bibi mmoja mwenye manyoya ya mbweha mabegani aliinamia meza ya Ludmila, akamuuliza gauni lake kalipata wapi.

"Hapo ng'ambo kwa Tolliver, mama. Yako ya kila rangi," Ludmila alijibu, akageuza ukosi ili bibi asome lebo. Bibi akasoma kwa sauti jina la Selma Hruska. Mpiga picha alikuwa amekwishasogea.

Selma alifungua pazia kidogo, apate kuuona uso wa Adele. Aliutazama mpaka aliposhiba.

Mkurugenzi wa Brandt alimwita Selma mwizi, akatishia kumshtaki. Selma alimuuliza angemshtakia nini, wakati tangazo lao lenyewe liliwadanganya watu kwamba Adele ndiye mbunifu, na akamwambia yuko tayari wakaulizane mahakamani ni nani hasa aliyelibuni gauni. Brandt hawakwenda mahakamani. Adele aliondoka kabla hajafukuzwa, na karakana ikafungwa. Selma aliwachukua washonaji kwenda kwa Tolliver, isipokuwa Bertha Noll, mama mzee aliyemfundisha kutoboa matundu ya vifungo. Bertha alimwambia amewachomea nyumba ili aue panya mmoja, na tangu hapo akimwona njiani alivuka barabara. Hilo lilimuuma Selma kwelikweli. Halikumfanya ajute.

Magauni yake yaliuzwa dukani kwa Tolliver miaka mingi. Siku moja akasikia kwamba Adele anauza glovu katika duka moja Kansas City. Alipanda treni, akaenda.

Adele alimtambua tangu mlangoni, lakini mteja ni mteja. Selma aliketi kwenye kiti kirefu, akaweka kiwiko kwenye mto mdogo wa kaunta, akanyoosha mkono. Adele akamvika glovu nyeupe, kidole kimoja kimoja, akamvua. Akamvika za rangi ya maziwa, akamvua. Selma aliomba nyeusi, akaomba ndefu, akaomba zenye lulu. Foleni ikarefuka nyuma yake. Adele alikuwa amekonda, na nywele zake hakuzipaka rangi tena.

"Umeridhika sasa?" Adele aliuliza polepole, bila kuinua macho.

Selma alifikiri kwanza, maana alitaka kumjibu kweli.

"Bado," alisema. "Nionyeshe na zile za kahawia."